Udhibiti wa bunduki: maana yake, na namna ya kuupima

Mtu akisema anaunga mkono udhibiti wa bunduki, bado hajasema kitu. Ni kama kusema unaunga mkono dawa. Dawa ya ugonjwa gani, na apewe nani? Jina hilo moja limebebeshwa sheria nyingi zisizofanana: leseni ya kumiliki silaha, ukaguzi wa mnunuzi, siku za kungoja kabla ya kukabidhiwa, usajili wa kila bunduki, marufuku ya aina fulani, serikali kununua silaha mikononi mwa raia, hata amri ya mahakama ya kumnyang'anya silaha mtu anayehofiwa kuua au kujiua. Faida na hasara za hatua moja si za nyingine, ndiyo maana mabishano ya jumla jumla hayafiki popote.

Tuanze na ukaguzi wa mnunuzi, kwa kuwa ndio unaopendekezwa zaidi Marekani. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 inamtaka muuzaji mwenye leseni amhakiki mteja. Mteja anajaza fomu: amewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa? Anatumia dawa za kulevya? Muuzaji anawasilisha majibu kwenye mfumo wa FBI, idara ya upelelezi ya taifa, ulioanza kazi mwaka 1998, na mara nyingi jibu linarudi baada ya dakika chache tu. Lakini zikipita siku tatu za kazi bila jibu, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Kijana aliyeua watu 9 kanisani Charleston mwezi Juni 2015 aliipata bastola yake kwa njia hiyo. Rekodi ya kumzuia ilikuwepo, ila mkaguzi aliiulizia kwa polisi wasiohusika, na siku tatu zikaisha.

Pengo jingine ni mtu binafsi anayeuza bunduki yake mwenyewe. Sheria ya taifa zima haimlazimishi kumkagua mnunuzi, ingawa baadhi ya majimbo yanamlazimisha. Wapinzani wanajibu kwamba mhalifu hajazi fomu. Ananunua vichochoroni au anaiba. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, kwani silaha nyingi za vichochoroni ziliuzwa kihalali mara ya kwanza, zikaponyoka baadaye. Hoja yao nzito zaidi, kwa maoni yangu, inahusu siku za kungoja: mwanamke aliyetishiwa jana na mume waliyeachana anaihitaji silaha leo, wala si baada ya siku kumi.

Ila siku hizo hizo za kungoja zinaokoa watu ambao mijadala huwasahau. Mwaka 2021 risasi ziliua zaidi ya watu 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Hapa swali linahama kutoka kwa mhalifu hadi kwenye umbali uliopo kati ya mtu aliyezidiwa na huzuni na silaha iliyo karibu naye. Jeshi la Israel lilibaini kuwa askari wake vijana walikuwa wakijiua nyumbani mwishoni mwa juma, wakiwa na bunduki zao za kazi. Mwaka 2006 likaagiza bunduki zibaki kambini, na vifo hivyo vikapungua kwa kama asilimia 40. Siku za katikati ya juma hazikuongezeka vifo, maana yake hawakuwa wanaahirisha tu. Anayepinga anaweza kuitaja Japani, ambako raia karibu hawana bunduki na bado watu wengi wamekuwa wakijiua. Mfano huo unaonyesha kwamba bunduki si chanzo pekee cha kujiua. Hauonyeshi kwamba kuiweka mbali hakusaidii.

Marufuku ndiyo yenye kelele nyingi kuliko zote. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, ilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe na kununua kama 650,000 kutoka kwa raia. Vifo vya risasi vilishuka, ingawa vilikuwa vimeanza kushuka kabla, na wataalamu bado wanabishana sheria ipewe sifa kiasi gani. Marekani nayo ilikuwa na marufuku yake kuanzia 1994 hadi 2004, lakini bunduki nyingi ilizitambua kwa sura: kitako kinachokunjwa, mshikio wa bastola, sehemu ya kufungia singe. Viwanda viliviondoa vipande hivyo na kuendelea kuuza bunduki ile ile. Tena mauaji mengi nchini humo hufanywa kwa bastola, silaha ambayo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kuwa Katiba inampa raia haki ya kuwa nayo nyumbani kwa kujilinda.

Usajili una hasara ya fedha. Canada iliahidi kuwa daftari la bunduki lingeigharimu serikali kiasi kidogo. Gharama ikapita dola bilioni moja, na mwaka 2012 usajili wa bunduki ndefu za kawaida ukafutwa.

Imebaki amri ya mahakama, ambayo jimbo la Connecticut, Marekani, lilitangulia kuiweka mwaka 1999. Uzuri wake ni kwamba inamgusa mtu mmoja mwenye dalili, si mamilioni wasio na kosa. Ubaya wake uko kwenye siku za mwanzo: hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla mhusika hajasikilizwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Ndugu mwenye kinyongo anaweza kuitumia nafasi hiyo. Florida, ilipopitisha sheria yake mwaka 2018 baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland, iliwaachia polisi peke yao kupeleka ombi. Mama anayemhofia mwanawe huko lazima kwanza amshawishi askari.