Radiolojia ya michezo ni kazi gani hasa, na mtu anaifikaje

Ukimwambia mtu unataka kuwa radiolojisti wa wanamichezo, wengi anayewajia kichwani ni yule wa chumba cha eksirei anayekwambia vuta pumzi, shikilia, haya achia. Yule sio. Yule ni radiografa, kazi yake ni ya maana na ina shule yake, diploma au digrii, ila radiolojisti ni daktari kamili, kasoma udaktari wote akamaliza, alafu akarudi darasani kubobea kwenye kusoma picha za ndani ya mwili, yaani eksirei, ultrasaundi, CT skan na MRI, ile mashine ya sumaku isiyotumia mionzi. Mara nyingi hata humuoni. Unapewa bahasha yako na karatasi ya ripoti, chini kuna sahihi, mwenye ile sahihi ndo yeye.

Sasa huyu wa michezo ni radiolojisti aliyejikita kwenye mifupa, viungio, misuli na zile kamba kamba zinazoshikilia vyote hivyo, na wateja wake wengi ni watu wanaotumia mwili kupata mkate. Mashine ni zile zile na mwili ni ule ule, kinachobadilika ni swali analoletewa. Mimi na wewe tukiumia goti daktari anataka kujua kuna nini mle ndani tutibiwe, basi. Mchezaji akiumia, swali linakuja na mkia: kuna nini, anarudi lini, na tukimrudisha mapema tunahatarisha nini? Anayeuliza sio mgonjwa peke yake, ni daktari wa timu, fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), kocha, na nyuma yao kuna viongozi wenye mechi Jumamosi.

Tuchukue winga, dakika ya 70 anakimbilia mpira mrefu, ghafla anashika nyuma ya paja anaanza kuchechemea. Uwanja mzima unajua ni nyama za paja, haihitaji daktari kusema hilo. Kesho yake au keshokutwa anaingizwa kwenye MRI. Kuna aina ya picha humo ambayo maji yanatokea meupe na nyama nzima inatokea kijivu, kwa hiyo penye jeraha panang'aa, na kupaona pale hata mwanafunzi anapaona. Kazi inaanza ukiuliza pamewaka wapi hasa. Inaweza kuwa pembezoni mwa msuli karibu na utando unaoufunika, inaweza kuwa pale nyama inapoungana na tendoni, ile kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, au jeraha limeingia ndani ya tendoni yenyewe, ambayo ikiwa nzima kwenye picha ni mstari mweusi ulionyooka, na ikiumia utaiona imevimba, imeingia weupe, au imelegea inapinda pinda. Madaktari wa riadha ya Uingereza walitoa mfumo mwaka 2014 unaopanga haya majeraha kwa namba 0 mpaka 4 kwa ukubwa, alafu herufi a, b au c kwa mahali, kwa mpangilio ule ule niliotaja, c ikiwa ndani ya tendoni. Ripoti inaweza kusoma 2b au 2c, na kwa asiyejua hiyo ni herufi tu, ila walipowafuatilia wanariadha wao walikuta wenye c wanachukua muda mrefu zaidi kurudi na jeraha linajirudia zaidi. Kocha akiambiwa tu "amechanika kidogo" anaanza kupiga hesabu za mechi ya wiki mbili mbele, kumbe lile "kidogo" liko sehemu mbaya.

Na hapo hapo niseme, picha peke yake haitoi tarehe. Kuna watu wanadhani MRI inatoa jibu la "siku 21" kama risiti ya duka. Tarehe inatoka kwa fizio na daktari wa timu wanaompima nguvu, wanaomkimbiza, wanaoangalia maumivu, na ripoti ya radiolojisti ni sehemu moja ya hayo maongezi. Radiolojisti mzuri anajua mwisho wa kauli yake, na wengine hawajui, wanaandika wiki kabisa kwenye ripoti alafu timu nzima inaishika kama amri.

Kuhusu mashine, usidhani kila kitu ni MRI. Eksirei bado ndo ya kwanza mfupa ukivunjika, ni rahisi na ipo mpaka hospitali za wilaya. CT ni nzuri ukitaka kuona kama mfupa umeunga kweli au umeunga nusu, na hilo sio jambo dogo, Neymar alivunjika mfupa wa tano wa unyayo wa kulia Februari 2018 na Januari 2019 akaumia tena pale pale. Ultrasaundi ndo silaha ya huku kwetu kwa maoni yangu, haina mionzi, unaweza kubeba ya mkononi mpaka chumba cha kubadilishia nguo, na unamwambia mtu kunja mguu, nyoosha, unaona tendoni inavyoteleza pale pale. Pia unaitumia kuongoza sindano iende penyewe badala ya kuchoma kwa kubahatisha. Ubaya wake inategemea sana mkono na jicho la anayeishika, na haioni ndani ya mfupa.

Ndani ya mfupa ndo kwenye habari ya wakimbiaji. Nenda Iten au Eldoret kule Kenya, watu wanakimbia kilomita nyingi kila wiki, na mfupa unaopigwa kila siku bila muda wa kujijenga unaanza kupata ufa wa uchovu, kwenye muundi, kwenye mifupa ya unyayo, kwenye shingo ya paja. Mtu anasikia maumivu, anaenda kupiga eksirei, inatoka safi, anaambiwa hamna kitu. Shida ni kwamba wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi kitu kabisa, wakati MRI ingeshaonyesha uboho wa pale umelowa maji, dalili kwamba mfupa umeanza kulalamika. Huyu aliyeambiwa hamna kitu anarudi barabarani. Kama ufa uko upande wa nyuma wa muundi pengine atapumzika wiki kadhaa ukapona wenyewe, ila kama uko upande wa juu wa shingo ya paja, au kwenye ule mfupa wa katikati ya mguu unaoitwa navikula, akiendelea unaweza kuvunjika kabisa na hapo ni upasuaji. Kwa hiyo radiolojisti anayejua michezo akiona jina la mkimbiaji na eksirei safi, haandiki "kawaida" akafunga faili, anaandika kwamba eksirei ya mapema haitoshi kukanusha ufa, na kama maumivu yanaendelea apigwe MRI. Sentensi moja hiyo. Na kama ni binti mwembamba anayepata nyufa mara kwa mara, anaweza kushauri apimwe msongamano wa mifupa, yaani imeshiba kiasi gani, kwa mashine ya DEXA, sababu mwili unaokimbia sana na kula kidogo unaanza kukopa kwenye mifupa.

Kuna upande mwingine wa hii kazi ambao watu wa mpira wanausikia bila kujua ni radiolojia. Vipimo vya umri. FIFA walianza kutumia MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009 kule Nigeria, na CAF nao wanaitumia. Wanachoangalia ni mwisho wa mfupa wa redio, ule wa upande wa dole gumba, pale kwenye sahani ya ukuaji. Kwa mtoto ile sahani iko wazi, akikua inaziba taratibu, na wameigawa kwa madaraja 1 mpaka 6, la 6 likiwa imeziba kabisa. Kijana wa chini ya miaka 17 kufika daraja la 6 ni nadra sana, kwa hiyo akifika anaachwa. Wanatumia MRI sio eksirei kwa sababu hawa ni watoto wenye afya zao, hauna sababu ya kuwapiga mionzi kwa ajili ya mashindano. Na kipimo ni cha wavulana, mifupa ya wasichana inaziba mapema zaidi hivyo hakifai kwao. Januari 2023 Kameruni ilichuja kikosi chake cha U-17 kabla ya mechi za kufuzu, wachezaji 21 kati ya 30 wakaondoka. Ila elewa kinachosema na kisichosema: sahani ikiziba inakushtaki, ikiwa wazi haithibitishi kwamba una 16, kuna watu wa 18 bado iko wazi. Yaani kipimo kinakamata wengine na wengine wanapita, na anayesoma picha anakuwa ameshika ndoto ya kijana wa watu na pengine familia nzima, hiyo presha sio ya kila mtu.

Njia yenyewe ni ndefu, nisikudanganye. Tanzania unaanza na PCB (fizikia, kemia na baiolojia), udaktari miaka 5, intanishipu mwaka 1, unasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, alafu MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, ya radiolojia, Muhimbili pale MUHAS ndo wengi wanapopajua. Kenya udaktari ni miaka 6 na intanishipu, usajili ni wa KMPDC, baraza la madaktari la kule, kisha MMed Nairobi au Aga Khan. MMed ni kama miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Hapo umekuwa radiolojisti wa kila kitu: mimba, kifua, kichwa, ajali za bodaboda. Ubobezi wa mifupa na misuli unakuja baada ya hapo, kwa feloshipu ya mwaka hivi, na mara nyingi inabidi utoke nje, ingawa mambo yanabadilika, MUHAS walianzisha ubobezi wa radiolojia ya kutibu kwa kuongozwa na picha mwaka 2019 wakati kabla ya hapo watu walisema haiwezekani bila kupanda ndege. Jumlisha mwenyewe, ni miaka 10 na ushee, na katikati utakuwa umefanya kazi hospitali kidogo upate hela ya kuishi.

Na kazi ikoje ukimaliza? Huku kwetu ajira ya radiolojisti wa michezo tu, asubuhi mpaka jioni wanamichezo, usiitegemee. Klabu zetu hazina uwezo wa kumweka mtu wa hivyo, wanamtuma mchezaji hospitali yenye MRI na kusubiri ripoti. Kwa hiyo utakuwa radiolojisti wa hospitali ambaye madaktari wa timu wanajua namba yake, na msimu wa usajili utasoma magoti na vifundo vya watu wanaopimwa afya kabla ya kusaini. Ukitaka iwe kazi nzima angalia nje, Doha kuna Aspetar, hospitali ya wanamichezo iliyofunguliwa 2007. Alafu kuna mashindano makubwa: Olimpiki ya Rio 2016 kliniki ya kijiji cha wanamichezo ilifanya vipimo vya picha 1,015, na 607 vilikuwa MRI, lazima kuwe na watu wa kuvisoma haraka kabla ya raundi inayofuata. Na sasa hivi picha zinasomwa kwa mbali, mtu yuko Mwanza anasoma goti lililopigwa Dar, hiyo imefungua mlango.

Kinachowashinda wengi wanaoingia huku sio kuona jeraha, ni kuamua lipi lina maana. Mwili wa mchezaji wa miaka 30 umejaa makovu, ukimpiga MRI sehemu isiyouma utakuta mambo. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008, kwa watu wa miaka 50 kwenda juu, kati ya waliokutwa na menisko, ile gegedu ya ndani ya goti, iliyochanika asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa goti mwezi mzima uliopita. Sasa ukiandika kila ulichokiona bila kupima, unaweza kuharibu usajili wa mtu ambaye goti lake linacheza vizuri tu, na ukificha unaweza kumuuzia klabu mgonjwa. Ndo maana unamuuliza daktari wa timu: panauma wapi, ameumiaje, amewahi kuumia hapo? Ripoti iliyoandikwa bila kujua hayo huwa ndefu na haimsaidii mtu.

Na ripoti ni siri ya mchezaji hata kama klabu ndo imelipa. Tanzania ina sheria ya taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, ila utashangaa picha ya MRI ya mchezaji inavyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hata mwenyewe hajaambiwa. Atakupigia mwandishi, atakupigia shabiki mwenye cheo, atakupigia binamu yako anayebeti. Wote unawajibu hapana.

Kama uko MMed sasa hivi na unaitaka hii njia, omba zamu za ultrasaundi ya misuli hata kama hakuna anayezigombania, shika proba, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, mwenyewe kwenye mabega na vifundo vya wenzako wazima mpaka ujue kawaida inafananaje, na siku za kliniki ya mifupa nenda kakae na wapasuaji uone walichokikuta ndani ya goti ukilinganisha na ulichokiandika.