Breki za Lori Kwenye Miteremko ya Kitonga, Inyala na Iwambi

Lori linaposhindwa kusimama mteremkoni, husemwa breki zimekataa ghafla. Mara nyingi zimekuwa zikiungua tangu lori lilipoanza kushuka.

Malori mengi ya barabara ya TANZAM (ya Tanzania kwenda Zambia), ilipo miteremko hiyo, yana breki za dramu na upepo. Ukikanyaga, upepo husukuma fimbo ya chemba (kopo la upepo la breki), fimbo husukuma slaki (mkono wa kurekebisha breki), laini (vitambaa vya breki) zikabana dramu, na mwendo hugeuka joto. Joto likizidi, dramu hutanuka na kuziacha laini, fimbo ikalazimika kutoka ndefu zaidi, huku laini zenyewe zikipoteza mshiko. Geji ya upepo inaonyesha tenki limejaa, lakini lori halikamatiki. Handibreki haiokoi, maana hubana dramu zilezile.

Kwa hiyo kazi hufanyika juu, kabla ya kushuka. Ingiza gia nzito (ya chini) ukiwa bado kileleni na uwashe breki ya injini. Msemo wa kushukia gia uliyopandia hautoshi kwa injini nyingi za leo. Mara nyingi itatakiwa nzito zaidi. Tuseme mwendo salama ni kilomita 30 kwa saa: ukifika 30, kanyaga kwa uthabiti mpaka 20, kisha achia kabisa. Kuegesha mguu kwenye pedali mlima mzima ndiko kunakounguza breki. Na kushuka fri (bila gia) ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa: mwendo ukitoka 30 hadi 60, nishati ya kuzuiwa huwa mara 4.

Ukinusa laini zinaungua, simama mapema, weka kabari, usimwagie dramu maji, zitapasuka. Breki zikishakwisha, usijaribu kubadili gia kwa mwendo mkali, kwani itagoma kuingia na utabaki fri. Washa taa za hatari, piga honi, tafuta mwinuko au tuta la udongo upesi, kabla mwendo haujapanda.

Ukaguzi wa slaki huchukua dakika chache. Weka kabari, achia handibreki, vuta fimbo ya kila chemba kwa mkono: ikitoka zaidi ya sentimita 2.5, irekebishwe. Anzia kwenye tela. Tela lisiloshika huachia kichwa mzigo wote, na dramu za kichwa ndizo hutangulia kutoa moshi.