Rangi za kucha zinazometa: shima, metali, glita na holo

Rangi ya kucha inayometa ni ile iliyochanganywa na chembe zinazorudisha mwanga. Ukubwa, umbo na malighafi ya chembe hizo ndivyo vinavyoamua upake mikono (tabaka) mingapi, kucha iwe laini au ikwaruze, na utahangaika kiasi gani siku ya kuitoa.

Shima ni vumbi laini la madini ya maika lililovikwa tabaka jembamba la titani dioksaidi. Linameta kwa upole, mikono miwili inatosha, na linatoka kwa pamba na asetoni kama rangi ya kawaida. Anayejipaka mwenyewe nyumbani aanzie hapa.

Metali hung'aa kama kijiko kipya kwa sababu ina vipande bapa vya aluminiamu vinavyolala sambamba juu ya kucha. Uzuri huo ndio unaoiponza: kila mfereji wa kucha na kila mstari wa burashi huonekana. Lainisha kucha kwa bafa, paka beisi (tabaka la kwanza la chini lisilo na rangi), kisha pitisha burashi mara tatu tu, katikati, kushoto na kulia. Usirudie palipoanza kukauka.

Glita ndiyo inayopendwa zaidi kwenye kicheni pati na send-off, na ndiyo inayosumbua zaidi. Ni karatasi nyembamba ya plastiki yenye aluminiamu, iliyokatwa vipande, mara nyingi vya pembe sita. Ukiwa Kariakoo, au kijana mwenye kikapu cha rangi akipita mtaani kwenu, inyanyue chupa uitazame kwenye mwanga. Glita kutuama chini si tatizo. Igeuze juu chini dakika chache, kisha iviringishe katikati ya viganja. Ukiitikisa kwa nguvu unaingiza hewa, na viputo utavikuta kwenye kucha. Ila kama maji yaliyopaswa kuwa meupe yamegeuka mekundu na vipande vimebaki rangi ya fedha, glita hiyo imechuja. Iache hapo hapo, hata kama bei imeshuka.

Kuipaka kwa burashi peke yake hutoa vipande vitatu hapa na uwazi pale, watu wakaongeza mkono wa nne na wa tano hadi rangi ikawa nene, juu imekauka na chini bado mbichi. Chukua kipande kidogo cha sponji, weka glita juu yake, kisha gandamiza kwenye kucha: sponji hunyonya maji na glita hubaki imebanana. Malizia kwa mikono miwili ya topu (tabaka la juu lisilo na rangi), ukiziba na ncha ya kucha. Ukiiacha bila topu ya kutosha, itakwaruza na kunasa nyuzi za mtandio.

Kuitoa usisugue. Lowesha pamba kwa asetoni, ifunike kucha, zungushia foili ya jikoni, subiri dakika 10, kisha vuta ukiwa umebana. Kuikwangua kwa wembe hubandua na tabaka la kucha yenyewe. Kama unajua utaitoa baada ya siku mbili, paka kwanza beisi ya kubanduka.

Holo ina chembe zenye mifereji midogo sana inayoutawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Inahitaji mwanga unaotoka sehemu moja: jua la mchana au taa ya ukumbini inayolenga. Chini ya taa ndefu za dukani huonekana ya kijivu tu, na wengi huikataa kwa sababu hiyo. Imulike kwa tochi ya simu kabla ya kuamua. Kwa shughuli ya usiku yenye mwanga hafifu, chukua glita.

Jicho la paka ni jeli, yaani rangi inayokaushwa kwa taa maalumu, yenye chembe zinazovutwa na sumaku. Mpakaji ashike sumaku karibu na kucha bila kuigusa, kwa sekunde 5 hadi 10, na mkono uingie kwenye taa hiyo papo hapo. Ukichelewa, chembe hutawanyika na ule mstari wa mwanga hupotea.