Wachina na drama za Kikorea: sio sura za mastaa tu

Eti Wachina wanapenda drama za Kikorea sababu ya mastaa wazuri, basi. Hapana jamani, sura zipo sikatai, ila What Is Love, ile drama iliyowasha moto huko CCTV, televisheni ya taifa ya China, walipoionyesha 1997, ilikuwa ya kifamilia kabisa, baba mkali anaamrisha nyumba nzima, mke wa mwanae anakuja na usasa wake, vurugu tupu, na mtazamaji wa Beijing anajiona humohumo maana heshima kwa wazazi, yale mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, inajulikana kote kuwili, China na Korea. 2005 Hunan TV, stesheni nyingine ya China, wakaleta drama ya Kikorea Dae Jang Geum, mapishi na tiba za ikulu, episodi 54, hadi watu wazima wakaganda kwenye tivii.