Mshtuko wa Damu: Moyo Huomba Msaada Kabla ya Kusimama

"Alikufa kwa mshtuko." Maneno haya husikika sana matangani, na wengi huelewa kwamba marehemu aliogopa au alipokea habari mbaya. Daktari akiandika mshtuko kwenye faili ana maana nyingine: damu haifiki viungoni kwa kiasi cha kutosha, viungo vinakosa oksijeni na kuanza kufa. Sisi wa kasualti hapa Kisumu tungependa maana hii ijulikane hadi vijijini, kwa sababu mara nyingi moyo hausimami ghafla. Mwili huwa umeshaomba msaada kwa saa nzima, pengine siku mbili.

Chukua kijana wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Ahero, usukani ukamgonga ubavu wa kushoto. Ana mikwaruzo tu. "Daktari, niko sawa, nipe maji ninywe." Lakini mkono wake ni baridi na umelowa jasho. Mapigo yanakimbia 130 kwa dakika. Ukiminya ukucha wake hadi uwe mweupe kisha uuachilie, rangi inarudi baada ya sekunde nne au tano, badala ya mbili. Presha bado inasoma vizuri, na hapo ndipo hata wahudumu wa afya hudanganyika. Bandama imepasuka, damu inavuja tumboni kimyakimya. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kabla presha haijashuka, kwani mwili hubana mishipa ya ngozi ili ubongo usikose. Ikishuka, akiba imekwisha. Huyu asipewe maji wala soda, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji. Alazwe chali, afunikwe, afikishwe hospitali.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua yuko katika kundi hilo hilo. Vilevile mgonjwa wa kipindupindu, ila yeye anapoteza maji na chumvi, na akiwa bado anaweza kumeza, maji ya ORS, yaani yenye chumvi na sukari maalumu, ndiyo dawa yake tangu nyumbani.

Aina nyingine za mshtuko chanzo chake si kupoteza damu wala maji. Pengine pampu yenyewe imechoka: mshipa wa moyo umeziba, au vali, yaani milango ya moyo, zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa. Pengine mishipa imelegea yote kwa pamoja, kutokana na maambukizi yaliyosambaa mwilini, au mzio wa nyuki au wa sindano ya penisilini. Wa mzio anahitaji sindano ya adrenalini pajani mara moja. Na pengine kuna kizuizi, kama hewa iliyonaswa kando ya pafu baada ya kuchomwa kisu, ikiubana moyo usijae damu.

Aina ikikosewa, tiba inaweza kuua. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, wengi wao wakiwa na malaria. Katika saa 48, waliomiminiwa dripu kwa kasi walikufa asilimia 10.6, wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Kwa hiyo mama, ukiona nesi anaiachia dripu ya mwanao polepole, hajampuuza. Aliyekaukiwa kwa kuhara hakuwa katika utafiti huo, naye hutibiwa kivingine.

Mtu asipoitika wala kupumua kawaida, moyo umesimama. Kutweta kwa vipindi, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Ubongo huanza kuharibika katika dakika nne hivi, kwa hiyo usingoje gari: kandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Aliyezama ziwani ana tofauti moja kubwa, kwani moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Kule Dunga na fuo nyingine, tafadhali msimminye tumbo kutoa maji. Atatapika na dakika zitapotea. Inua kidevu, mpe pumzi 5 mdomo kwa mdomo, kisha mikandamizo 30, pumzi 2, tena 30, mkipokezana, hadi apumue au wahudumu wafike.