Kuchimba na Kufukia Mtaro wa Mabomba na Nyaya kwa Usalama

Udongo ambao haujaguswa husimama kwa sababu kila sehemu yake imebanwa na sehemu iliyo kando yake. Mtaro unapochimbwa, mbano wa upande mmoja huondoka, na ukuta unaobaki, hata ukionekana mkavu na mgumu kama tofali, huanza kuelemea palipo wazi. Anayelaza bomba la maji, waya wa umeme au mkongo wa mawasiliano ana wajibu wa kuuzuia udongo huo watu wakiwa ndani, kisha kuurudishia mbano wake anapofukia. Mambo haya mawili mara nyingi hufundishwa kila moja peke yake, jambo ambalo naliona kuwa upungufu, kwa maana madhara yake hutokana na kosa moja, nalo ni kuuamini udongo uliokwisha kuvurugwa.

Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa takriban tani 1.5 hadi 2, kutegemea aina yake na maji yaliyomo. Ukuta ukiporomoka hauhitaji kumfunika mtu kichwa ili umuue. Aliyefukiwa hadi kifuani, kila anapotoa pumzi kifua chake hupungua, udongo huijaza nafasi hiyo, na pumzi inayofuata huwa fupi kuliko iliyotangulia, huku wenzake wakimtazama usoni. Anaweza kufa kwa kukosa hewa ilhali kichwa chake kiko nje.

Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka kuta za mtaro wenye kina cha mita 1.5 au zaidi zizuiwe zisiporomoke, isipokuwa pale penye mwamba imara, na zinataka hivyo hata kwa kina kidogo zaidi iwapo msimamizi mwenye ujuzi ataona dalili za hatari. Sehemu hiyo ya pili husahauliwa. Fundi aliyechuchumaa kuunganisha bomba katika mtaro wa mita 1.2 ana kichwa kilicho chini sana ya ukingo, na kwake mtaro huo si mfupi hata kidogo.

Kuta huweza kuchongwa kwa mteremko, kuegemezwa kwa mbao au mabati mazito yaliyokazwa kwa mihimili, au mafundi hufanya kazi ndani ya kasha la chuma. Udongo wa kichanga unahitaji mteremko mpana, kiasi cha mita 1.5 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kina, kwa hiyo mahali pembamba mteremko haufai na ni lazima kuegemeza. Kasha la chuma, kwa upande wake, haliuzuii ukuta usianguke. Linamkinga aliye ndani yake tu, na anayetoka nje ya kasha kufuata chombo alichokisahau hana kinga yoyote.

Kifusi kiwekwe angalau mita 0.6 kutoka ukingoni, na mitambo na magari yakae mbali zaidi, kwa sababu uzito na mtikisiko wake huusukuma ukuta. Mtaro unaofikia mita 1.2 uwe na ngazi ambayo kila aliye ndani anaweza kuifikia bila kutembea zaidi ya mita 7.5. Msimamizi aukague kila siku kabla ya mtu kuingia, na aukague tena baada ya mvua, akitafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, ukuta uliovimba kwa chini, na maji yanayochuruzika. Nyufa hizo ni onyo kubwa, kwani kipande cha udongo kimeshaachana na ardhi iliyokishikilia.

Mabomba na nyaya za zamani zitafutwe kwa ramani na kwa kifaa cha kutambua, na karibu nazo pachimbwe kwa mkono, taratibu. Ukuta ukimwangukia mtu, wenzake wasirukie ndani, kwa sababu upande uliobaki huweza kuporomoka mara ya pili. Wala asifukuliwe kwa mtambo. Waitwe waokoaji mara moja, na watu na mashine wasogezwe mbali na ukingo.

Kufukia ndiko kunakofanywa kwa haraka kuliko yote. Bomba lilazwe juu ya tabaka la mchanga lisilo na mawe, la milimita 100 hadi 150, kisha udongo laini ushindiliwe kwa uangalifu pande zote mbili kwa usawa. Bomba la plastiki halibebi mzigo peke yake. Udongo wa ubavuni ndio unaolizuia lisibonyee na kuwa bapa, na ukiachwa mlegevu hapo, hakuna kushindilia kwa juu kutakakorekebisha. Kwa waya wa umeme kuna sababu nyingine: udongo mlegevu na mkavu hauondoi joto vizuri, na waya huweza kuungua ukiwa umebeba mzigo wake wa kawaida.

Juu ya hapo, jaza matabaka ya milimita 150 hadi 200, ukishindilia kila moja kabla ya jingine, na mashine nzito zisubiri mpaka bomba liwe limefunikwa kwa angalau milimita 300. Udongo mkavu mno haushikani, na uliolowa mno hubonyea na kuinuka kila unapopigwa. Ulio sawa ukiufinya kiganjani hufanya donge lisilochuruza maji. Wapo wanaojaza mtaro wote kwa mara moja kisha wakamwagia maji wakidhani umeshindiliwa. Kwa udongo wa mfinyanzi hilo halifai kabisa: utabonyea baadaye, barabara ipasuke, na maungio ya bomba yavutike. Mihimili nayo iondolewe kuanzia chini, hatua kwa hatua, kadiri udongo unavyopanda.

Tepe ya tahadhari ilazwe kiasi cha milimita 300 juu ya bomba au waya. Kina na umbali kutoka kwenye alama zisizohama vipimwe na kuandikwa kabla ya kufukia, mtaro ukiwa bado wazi na bomba likionekana, ili atakayechimba hapo baadaye ajue pa kuanzia kwa mkono.