Sikio linalia, nani anakusengenya? Uongo na ukweli kuhusu mlio wa masikioni

Mlio wangu nliuskia mara ya kwanza usiku mmoja umeme umekatika. Feni ikazima, mtaa mzima kimya, afu nikaskia tiiiiiii nyembamba kama nyenje kajificha ndani ya mto. Nikanyanyua mto, nikamulika chini ya kitanda na tochi ya simu, nikatoka mpaka nje na bukta, mlio unanifata tu. Hapo nlikua nishamaliza miaka sita kwenye mashine ya kusaga ya mjomba, sijaziba masikio hata siku moja, na akili haikuunganisha kabisa hayo mambo mawili. Asubuhi namwambia mama mwenye nyumba, akacheka, "la kushoto hilo mwanangu? Basi kuna mtu anakusengenya."

Basi tuanzie hapo hapo, kwenye kusengenywa. Kama ni utani sawa, ila mlio wenyewe una jina, wataalam wanauita tinitasi, yani unaskia sauti ambayo nje haipo. Na wala hauko peke yako. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima kwenye chumba kisichopitisha sauti wakawauliza wanaskia nini, na asilimia 94 wakasema wanaskia kitu, huyu mvumo, yule filimbi. Kumbe kelele za ndani karibu kila mtu anazo, ila za nje zinazifunika. Anayeteseka ni yule ambaye zake zimezidi au haziondoki.

"Ni majini, umetupiwa kitu." Hii inanikera maana watu wanamaliza hela kwa waganga miaka na miaka. Mlio wa tinitasi ni piiii, vuuuu, shshsh, hauna maneno. Ukianza kuskia watu wanaongea na wewe na hawapo, hilo ni jambo lingine, nalo lina daktari wake, usilifiche. Na kuskia piiii sio kwamba unaanza kuchanganyikiwa, naandika hivi kwa sababu mwenyewe niliogopa hivyo mwezi mzima.

Sasa hii ndo kubwa kuliko zote: "tatizo liko sikioni kwa hiyo dawa unamimina humo humo." Mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kitunguu swaumu, nimeshauriwa vyote. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama gamba la konokono, na humo kuna seli zenye vinywele vidogo sana ambazo ndo zinapokea mtetemo na kuutuma ubongoni. Kelele zikiziua hazioti tena (kuku zake zinaota upya, sisi tumenyimwa, sijui kwa nini). Ubongo ukikosa taarifa za sauti zile zilizokufa unafanya kama mzee mwenye redio isiyoshika stesheni, anafungua volyumu mpaka mwisho na kinachotoka ni shshshsh. Hayo ndo maelezo ambayo watafiti wengi wanakubaliana nayo. Kuna watu wameshakatwa mshipa wa kusikia kwenye upasuaji, na wengi wao mlio ukabaki vile vile! Sasa mafuta yako ya nazi yatafika wapi, yanaishia kwenye ngoma ya sikio, na kama ngoma imetoboka ndo umejiongezea kesi.

Ila kuna wenye bahati, wale ambao mlio umeletwa na nta iliyoziba. Hao wakisafishwa hospitali unaweza kukata siku hiyo hiyo. Hospitali nimesema, vile vijiti vya pamba na funguo ya pikipiki na njiti ya kiberiti vinaisukuma nta ndani zaidi.

"Ni ugonjwa wa wazee." Nenda kamuulize fundi wa kuchomelea, dijei wa vigodoro, kondakta wa matatu yenye spika nne nyuma. Hesabu iko hivi (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), desibeli 85 sikio linavumilia kama masaa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni masaa 4, 91 ni mawili, ukifika 100 una robo saa tu. Huna kipimo? Simama na mtu hatua moja, ukilazimika kupaza sauti ndo akuskie ujue mmeshavuka. Pale mashineni sisi tulikua tunaongea kwa mikono.

Kuna na "dawa za hospitali haziwezi kuleta hivyo." Waliowahi kuwekewa dripu ya kwinini wanacheka hapa, masikio yanavuma mpaka unaona watu wanafungua midomo tu. Aspirini nyingi nayo inafanya hivyo. Hizo mbili kawaida ukiacha mlio unaisha, ila sindano kama gentamaisini na zile za zamani za TB zinaweza kuharibu moja kwa moja. Usiache dozi kichwa kichwa, mwambie daktari masikio yameanza kuvuma.

Afu "hamna dawa, zoea tu." Nusu yake kweli. Kidonge cha kufuta mlio hakipo, wanaokuuzia wanakula hela yako, hata mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulisema virutubisho kama ginkgo (ya majani ya mti), zinki na melatonini wasiwape watu kwa ajili hii. Lakini kuna cha kufanya. Pima usikivu kwanza, maana kama umepungua kifaa cha kusikia kinasaidia wengi, ubongo ukipata sauti za kweli unaacha kuzitafuta. Na tiba ya kuongea na mtaalam wa saikolojia ndo yenye ushahidi mzuri kuliko zote, mlio haushuki sauti ila unaacha kukutisha, kama anayekaa jirani na reli, wageni wanaruka treni ikipita yeye anaendelea kukuna nazi.

Kosa langu mi lilikua kutafuta kimya. Nilijaza pamba masikioni usiku, mlio ukawa kama king'ora. Saivi nalala na redio ndogo ya betri iko katikati ya stesheni, sauti chini kidogo ya mlio wenyewe ili usipotee kabisa, ubongo uuzoee. Umeme ukikatika redio haizimi.

Cha haraka ni hiki: mlio unaodunda sawa na mapigo ya moyo, au uko upande mmoja tu, au una kizunguzungu, muone daktari wa masikio. Na sikio likiziba ghafla huskii kabisa, nenda siku hiyo hiyo, usikae unasubiri eti litazibuka, dawa zake zinafanya kazi zaidi ukiwahi.

Mjomba nilimpelekea vikinga masikio, vile vikubwa kama hedfoni. Kijana wake wa saivi anavivaa shingoni.